Mbio katika Njia za Watakatifu wa Bretagne

Wakimbiaji wengi wanaofika Bretagne, rasi ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa inayochomoza kwenye Bahari ya Atlantiki, huelekea ufukoni moja kwa moja. Hawana kosa. Njia ya GR34 inaambaa pwani yote kutoka Mont-Saint-Michel hadi Saint-Nazaire, zaidi ya kilomita 2,000, na chimbuko lake ni askari wa forodha waliopiga doria usiku na mchana kuwawinda wafanya magendo. Kuna majabali, kuna minara ya taa, kuna upepo wa kumsukuma mtu nyuma. Lakini mkimbiaji anayetaka miguu yake imfundishe kitu kuhusu nchi hiyo, ningemwomba aipe bahari kisogo na kuingia bara. Huko ndiko ziliko njia zilizotengenezwa na nyayo za waumini kwa karne nyingi, watu ambao hawakuwa wakienda popote. Walizunguka na kurudi walikotoka, na kule kuzunguka ndiko kulikokuwa sala yao.

Pa kuanzia ni Locronan, mji mdogo wa mawe ya matale karibu na ghuba ya Douarnenez, uliotajirika zamani kwa kufuma nguo za matanga ya meli. Jina lake linatokana na Mtakatifu Ronan, mtawa aliyevuka bahari kutoka Ireland, ambaye masimulizi yanasema alizoea kulizunguka eneo hilo pekupeku, akiwa amefunga. Waumini wanaufuata mzunguko wake mpaka leo, nao huuita troménie. Kila mwaka mwezi Julai hufanyika troménie ndogo, ya kilomita kama 6. Kila baada ya miaka sita huja ile kubwa, ya kilomita 12 na vituo 12, kuanzia Jumapili ya pili ya Julai hadi ya tatu. Watu wa huko waliamini kwamba asiyeitembea angali hai ataitembea akiwa maiti, akisogea urefu wa jeneza lake kila mara.

Kilomita 12 si kitu kwa mkimbiaji aliyejizoeza, ila hizi si za kudharau. Mzunguko huanzia katika kanisa lenye kaburi la Ronan, ukashuka mashambani na kwenye tope, kisha ukapanda mlima wa Locronan ambao unakaribia mita 290. Kileleni ni Plas ar Horn, na mahali hapo pana kisa chake. Ronan alipofariki, mwili wake ulipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe walioachwa wachague wenyewe pa kwenda. Njiani wakampita mwanamke aitwaye Keben akifua nguo. Kwa chuki aliyokuwa nayo kwa marehemu, akampiga ng'ombe mmoja kwa ubao wa kufulia, akamvunja pembe. Pembe ile ikaja kuanguka juu ya mlima. Ukifika hapo mapafu yanawaka na ghuba nzima imetandazwa chini yako, utakubali kwamba waliosimulia kisa hiki walikipanda kilima hicho kwa miguu yao.

Wakati wa troménie, vibanda vidogo vya matawi ya miti hujengwa kando ya njia, na ndani ya kila kimoja huwekwa sanamu ya mtakatifu kutoka kanisa la jirani. Mlinzi wa kibanda hugonga kengele watu wanapopita, nao husimama, husali, huacha sadaka, huendelea. Siku ya maandamano usikimbie; tembea na wengine nyuma ya bendera. Katikati ya juma watu huzunguka kwa wakati wao, na anayetoka alfajiri anaweza kukimbia bila kumkera mtu, mradi apunguze mwendo akiwakuta wazee wenye tasbihi. Sehemu za njia hukatiza mashamba ya watu na hufunguliwa kwa ajili ya ibada hiyo tu. Hilo lenyewe lanigusa: mwenye shamba anayekubali uzio wake ufunguliwe kwa sababu ya mtawa aliyepita hapo zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Kaskazini zaidi, kati ya Morlaix na Landivisiau, vijiji vitatu vinafuatana: Saint-Thégonnec, Guimiliau na Lampaul-Guimiliau. Ukiviunganisha kwa njia za mashambani hupati hata kilomita 15, ila usidhani utazimaliza kwa saa moja na nusu. Kila kijiji kina ua wa kanisa uliozungushiwa ukuta, wenye lango kubwa, nyumba ya mifupa ya wafu, na msalaba wa mawe wenye watu wa kuchonga. Msalaba wa Guimiliau ulijengwa kati ya 1581 na 1588 na una sanamu zaidi ya 200. Sogea karibu. Askari wanaomtesa Yesu wamevaa mavazi ya karne ya 16, yaani ya wachongaji wenyewe. Upande mmoja msichana Katell Gollet, wa hadithi ya Kibretoni, anaburutwa na mashetani kuingizwa katika kinywa cha jehanamu. Nyuso bado zina makali yake kwa sababu mafundi wa eneo hili walipenda kutumia jiwe la kersanton, jeusi lenye ukijivu, ambalo huchongeka kwa urahisi likitoka machimboni na kuwa gumu likikaa hewani.

Fedha zilitoka wapi? Kwenye kitani. Wakulima wa eneo hili walilima kitani, wakakifuma, na kukisafirisha kupitia bandari ya Morlaix hadi Uingereza na Hispania. Wakulima-wafanyabiashara waliotajirika hawakujijengea majumba ya fahari. Walishindana kwa nyua za makanisa, kijiji hiki kikitaka kukipita kile. Kisha vikaja vita na ugomvi wa kibiashara kati ya Ufaransa ya Louis wa Kumi na Nne na Uingereza, soko likaanguka, ujenzi ukakoma. Ndiyo maana nyua hizo zimebaki na sura yake ya karne za 16 na 17: hela ya kuzibadilisha haikupatikana tena.

Njia zinazoviunganisha vijiji vya aina hii zina raha yake. Baadhi zimezama chini ya usawa wa mashamba, zikiwa na kingo ndefu za udongo pande zote na mialoni juu yake inayofunga kama paa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilipounganisha vishamba vidogo ili matrekta yapate nafasi, kingo nyingi zilisawazishwa na njia zikapotea. Katika zilizobaki kimbia kwa viatu vyenye soli ya meno, maana hata kiangazi tope halikauki vizuri humo.

Mwenye kupenda miinuko aende milima ya Arrée, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli kilichosimama peke yake juu ya kilima cha mita 381 karibu na Brasparts. Julai 2022 moto uliteketeza zaidi ya hekta 1,700 za vichaka katika milima hiyo, ukafika hadi kwenye kuta za kikanisa, nacho kikabaki kimesimama.

Kuna mahali pengine ambapo, kwa msomaji wa Kiswahili, naona panastahili safari kuliko pote nilipokwisha kupataja. Ni kijiji cha Le Vieux-Marché, kilomita chache kutoka stesheni ya treni ya Plouaret. Ukikimbia kwa njia za mashambani utafika kwenye kikanisa cha Watakatifu Saba, kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 18 juu ya kaburi la mawe makubwa la watu wa kale, walioishi maelfu ya miaka kabla ya Ukristo. Kaburi lile halikuvunjwa. Ndilo chumba cha chini cha kanisa. Watakatifu hao ni vijana wa Efeso waliojificha pangoni kukimbia mateso ya Kaisari Decius, wakalala usingizi wa miaka mingi. Waislamu wa pwani yetu wanawajua barabara. Ni Ashabul Kahf, na kisa chao kimo katika sura ambayo misikitini na majumbani husomwa kila Ijumaa.

Louis Massignon, mtaalamu mkubwa wa Uislamu nchini Ufaransa, aliona kwamba kisa kimoja kinaheshimiwa na pande mbili, naye mwaka 1954 akawaalika Waislamu kujiunga na sikukuu ya kikanisa hiki. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, vita vya Algeria vilianza. Kuwaweka Wafaransa na Waalgeria bega kwa bega katika hija moja, miaka ile, lilikuwa jambo la ujasiri, na Massignon aliendelea nalo mpaka alipofariki mwaka 1962. Halikufa pamoja naye. Kila mwisho wa Julai Wakristo husali misa na kuimba utenzi wao wa Kibretoni, kisha wote huteremka hadi kwenye chemchemi ambako maji hutoka katika matundu saba ya jiwe, na hapo aya za Surat al-Kahf husomwa kwa Kiarabu. Siku nyingine chemchemi huwa kimya. Mkimbiaji anayeifikia asubuhi anaweza kunawa uso na kuhesabu matundu.

Wanaopendelea lami na saa wana nusu marathoni ya Saint-Pol-de-Léon hadi Morlaix, inayokimbiwa majira ya kupukutika kwa majani. Saint-Pol ni mmoja wa miji saba ya Tro Breiz, hija ya kale ya kuyazunguka makanisa ya watakatifu waasisi wa Bretagne, iliyofufuliwa mwaka 1994. Mbio humwacha mkimbiaji na mnara wa Kreisker mgongoni, wenye mita kama 78, na kumpeleka hadi Morlaix, mji uliopitiwa juu na daraja la reli la karne ya 19. Wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia si wageni katika mbio za barabarani za Ufaransa, na hii ni mojawapo. Wengi wao hushuka, hukimbia, hupanda treni jioni. Natamani mmoja wao aongeze siku moja aende Guimiliau.

Vikanisa hivi vingi ni mali ya halmashauri za vijiji tangu sheria ya 1905, lakini wanaovitunza hasa ni majirani. Sikukuu ya mtakatifu inapofika huuza chakula na vinywaji, na mapato huezekea paa. Ukikuta meza imetandikwa nje ya kanisa na wanawake wanageuza chapati nyembamba za unga mweusi, simama ununue. Sahani moja ni msaada wa kweli.

Troménie kubwa ya mwisho ilikuwa Julai 2025, hivyo ijayo inatarajiwa 2031. Ile ndogo haikosi mwaka. Kwa Mswahili aliyeko Paris, Brussels au London, kipindi kizuri ni kuanzia Jumapili ya pili ya Julai hadi Jumapili ya nne: kwanza Locronan, kisha nyua za mawe, kisha Vieux-Marché. Chukua koti la mvua.