Kaya Ileile, Mara ya Nne

Mwanafunzi wa mifugo wa Biharamulo ameniuliza swali nililolitamani kwa muda mrefu. Amewapima uzito mbuzi walewale kila baada ya wiki mbili, nusu wakila majani matupu, nusu wakiongezewa mashudu ya pamba. Sasa amekaa mbele ya R, hajui aandike `aov` au `lmer`. Rafiki yake amemwambia yote ni mamoja.

Si mamoja. R ni nini na thamani ya p ni nini, leo siyagusi. Kila kitabu kinayo. Shida ya mwanafunzi huyu ni ya zamani kuliko programu: mbuzi aliyekuwa mzito Januari atakuwa mzito Februari. Kipimo cha pili hakiji na habari mpya tupu, kinabeba na ya kwanza.

Mkoa wake una mfano wa jambo hili unaotajwa na wanauchumi dunia nzima. Kuanzia Septemba 1991 hadi Januari 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizitembelea kaya 915 za Kagera katika jamii 51, Ngara na Biharamulo zikiwemo (Biharamulo ya wakati huo ilibeba na Chato). Walitaka kujua kifo cha mtu mzima, katika miaka ile ya UKIMWI, kinaiachaje kaya. Kila kaya ilihojiwa hadi mara nne, kwa kupishana miezi sita au saba. Mwaka 2004 watafiti wakarudi, na 2010 tena, wakiwafuata watu hata walikohamia.

Atakayezidisha 915 kwa nne na kujisifu kwa mahojiano zaidi ya 3,600 yanayojitegemea anajidanganya. Isitoshe, neno “hadi” katika “hadi mara nne” lina uzito: wengine waliondoka kabla ya awamu ya mwisho. `aov` hupenda jedwali lililojaa. Likiwa na pengo, wengi huishia kuifuta kaya nzima. `lmer`, kutoka kifurushi cha lme4, humpokea kila aliyekuja, hata aliyekuja mara moja.

Inafanyaje? Hapa ndipo ninapopapenda.

Chukua wauza maharage wa soko la Ngara. Kila mama ana kopo lake. Moja limebonyea kitako, jingine limetanuka mdomo, na mkono wa mwenyewe hujaza leo zaidi, kesho pungufu. Tuseme kopo la wastani sokoni hapo hutoa gramu 1,000. Leo umenunua kwa mama usiyemjua, ukapata 1,200. Kesho utatarajia nini? Mnunuzi mwenye akili haandiki 1,200, maana huenda leo mkono uliteleza. Wala haandiki 1,000, maana huenda kopo kweli ni kubwa. Ataandika kitu katikati. Kama tofauti kati ya kopo na kopo inalingana na tofauti ya mkono siku hadi siku, hesabu inatoa 1,100 kamili. Lakini yule mama uliyenunua kwake mara nne, wastani wake ukawa 1,200 uleule, umeshamjua: kwake utatarajia 1,160. Ungekuwa umenunua mara mia, ungekaribia kumwachia 1,200 yake yote. Na kama makopo yote sokoni yametoka kiwanda kimoja na mkono tu ndio unaoyumba, ungerudi karibu na 1,000 bila kujali umepata nini leo.

Nani anapanga nguvu ya kuvuta namba kuelekea wastani? Hakuna anayeipanga, data zenyewe zinaipanga, kwa kulinganisha tofauti za makopo na tofauti za mikono. Nimejaribu kuliita jambo hili kusinyaa, lakini namba hizi hazikauki, zinasogea. Basi nasema mvuto wa wastani, mpaka mwenye neno zuri zaidi aniandikie. Weka kaya mahali pa mama mwenye kopo, na katika R yote haya yamo ndani ya alama chache: `(1 | kaya)`.

Sasa Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, miezi mitatu baada ya mahojiano ya awali kwisha, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24. Benaco, wilayani Ngara, ikageuka kambi, mji wa maturubai. Mtafiti mwenye vipimo vya kabla na vya baada, vya kaya za karibu na za mbali, angeandika:

`lmer(log(matumizi) ~ karibu * baada + (1 | kijiji/kaya))`

Kijiji kimo kwa sababu kambi haikuchagua kaya, ilichagua eneo. Jean-François Maystadt na Gilles Duranton, wakitumia data hizi za Kagera, walikuta matumizi ya wenyeji wa karibu na kambi yalipanda, na yakabaki juu hata wakimbizi walipokwisha kurudi kwao. Sababu wanayoitaja ni barabara.

Kuna mahali `lmer` hukaa kando. Mvuto wa wastani unadai kwamba tabia iliyofichika ya kaya haihusiani na unachokichunguza. Kuhama kunahusiana. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwalinganisha watu waliotoka kaya moja ya mwaka 1991, waliobaki na waliohama, kila kaya na kiwango chake bila kuvutwa: ukuaji wa matumizi ya waliohama uliuzidi ule wa waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kwa njia hiyo, tumia `plm` na `model = "within"`.

Mbuzi wa Biharamulo, kama waligawiwa lishe kwa kura, hawana tatizo hilo. Aandike `lmer(uzito ~ lishe * wiki + (1 + wiki | mbuzi))`, wiki ikiwa namba, na asome safu ya `lishe:wiki`, kwa kuwa anauliza nani anakua haraka, si nani ni mzito. R ikilalamika kwamba modeli imezidi data, aondoe `wiki` ndani ya mabano. Na kama mbuzi wote wa mashudu walikula hori moja, aniandikie tena kabla ya kubonyeza chochote.