Video Ikisimamishwa, Mazungumzo Yaanze

Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa nchini Marekani, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho. Kundi moja lilisifiwa na kupendelewa, jingine likadharauliwa. Kisha zamu ikageuzwa. Zoezi hilo liliporudiwa mwaka 1970, lilirekodiwa kwa kamera. Picha hizo zimo katika filamu A Class Divided, iliyorushwa na televisheni ya PBS mwaka 1985.

Kipande kimoja cha filamu hiyo kinatosha kuzua mjadala wa saa nzima kuhusu ubaguzi wa rangi katika kikundi. Watoto wenye macho ya kahawia, siku waliyodharauliwa, walitumia dakika 5 na nusu kumaliza kadi za kusoma. Kesho yake, walipopandishwa hadhi, walizimaliza kwa dakika 2 na nusu.

Hapo ndipo mwezeshaji mahiri husimamisha video. Hamuulizi mtu kama ni mbaguzi, maana swali hilo huwafanya watu wajitetee na kufunga masikio. Huuliza: Mmeona nini? Kilichobadilika ni akili za watoto, au ni jinsi walivyotendewa? Kila mmoja huandika jibu lake kimya, hulizungumza na aliyeketi jirani, ndipo duara zima husikilizana. Kwa utaratibu huo hata mpole hupata nafasi, na msemaji hodari hauteki mjadala.

Filamu hiyo peke yake haitoshi. Inaonyesha vizuri maumivu ya kubaguliwa, lakini mtazamaji anaweza kuondoka akidhani ubaguzi ni roho mbaya ya mtu mmoja mmoja. Pengo hilo linazibwa na Race: The Power of an Illusion, mfululizo wa sehemu tatu wa mwaka 2003. Katika sehemu ya kwanza, wanafunzi wa asili mbalimbali wanabashiri nani anafanana nao zaidi kivinasaba, kisha vipimo vya DNA vinawashangaza. Inafaa kusimamisha video kabla ya majibu, ili kikundi nacho kibashiri. Sehemu ya tatu inaeleza jinsi sera za serikali ya Marekani, kuanzia miaka ya 1930, zilivyowafungulia Wazungu mikopo ya nyumba na kuwafungia Weusi, na jinsi tofauti hiyo ya mali ilivyorithiwa na watoto wao.

Jambo moja halina mjadala: mtu Mweusi aliye peke yake ukumbini asigeuzwe msemaji wa Weusi wote wala mwalimu wa bure wa wengine. Aseme akipenda, anyamaze akipenda.

Kwa hiyo mwalimu, mchungaji au kiongozi wa vijana anayepanga kuonyesha filamu kama hizi azitazame kwanza hadi mwisho, achague dakika 10 zenye uzito, aandae maswali matatu, na muda mwingi auache kwa mazungumzo.