Mtoto, Kipimo na Utamaduni

Katika miji na vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki na ya Kati, watoto huokota vipande vya waya na kuunda magari yenye magurudumu yanayozunguka na usukani mrefu wa kuendeshea. Kazi hiyo yahitaji jicho pevu, kumbukumbu ya umbo na mkono mtulivu. Lakini mtoto huyo huyo, apewapo penseli na karatasi akaambiwa anakili umbo jepesi, huenda akashindwa, na mwalimu akaandika kwamba uwezo wake ni mdogo. Je, ipi iliyo hukumu ya haki: ile ya waya au ile ya karatasi?

Swali la namna hiyo ni miongoni mwa yale yanayochunguzwa katika taaluma ya mawasiliano baina ya tamaduni na elimu, ambayo hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa duniani kwa ngazi za uzamili na uzamivu. Makala haya yanaeleza chanzo cha taaluma hiyo, njia zake za uchunguzi, na faida yake kwa shule.

Chanzo cha Taaluma

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilianzisha chuo cha kuwafunza watumishi wake waliopelekwa nchi za nje. Mmoja wa walimu wake alikuwa mwanaanthropolojia Edward T. Hall, ambaye mwaka 1959 alitoa kitabu kiitwacho The Silent Language. Hall alionyesha kwamba binadamu hawazungumzi kwa maneno peke yake. Huzungumza pia kwa jinsi wanavyoutumia wakati, na kwa umbali wanaouacha kati yao wanaposimama. Kanuni hizo hujifunzwa utotoni, na aghalabu mwenye nazo hajui kuwa anazo. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa wake anaweza kuonekana mwenye adabu kwa mwalimu mmoja, na mwenye hatia kwa mwalimu mwingine aliyelelewa vingine.

Ikiwa kutazama tu kunaweza kufahamika vibaya, mtihani je? Mtihani nao ni mazungumzo: upande mmoja huuliza, upande wa pili hujibu. Hapo ndipo elimu ya mawasiliano ilipokutana na saikolojia.

Mchele wa Liberia

Katika miaka ya 1960, John Gay na Michael Cole walichunguza kwa nini watoto wa Kikpelle nchini Liberia walipata taabu katika hisabati shuleni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Watafiti hao hawakutosheka kuyahesabu makosa ya watoto. Waliuliza pia Wakpelle wenyewe hupima nini, na kwa njia gani.

Wakpelle ni wakulima wa mpunga, na mchele wao waliuuza kwa kikombe, kama kibaba kilivyotumika katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Watu wazima walipoonyeshwa mchele na kuombwa wakadirie idadi ya vikombe, makadirio ya Wakpelle yalikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ya Wamarekani. Hesabu ilikuwapo, ila ilikaa mahali ambapo shule haikutazama.

Mwenzao, Joseph Glick, alieleza kisa kingine. Wakpelle walipewa vitu 20 wavipange: vyakula, nguo, zana na vyombo. Mtafiti alitarajia mafungu manne. Wao wakaweka kisu pamoja na chungwa, jembe pamoja na kiazi, kwa kuwa kimoja hukitumikia kingine. Hivyo ndivyo, walisema, afanyavyo mtu mwenye busara. Hatimaye mtafiti aliuliza mpumbavu angevipangaje. Papo hapo vikapangwa katika mafungu manne, kama alivyotarajia tangu mwanzo! Uwezo wa kupanga vitu kwa aina haukukosekana. Kilichokosekana ni mapatano juu ya maana ya swali.

Waya, Karatasi na Udongo

Tukirudi kwa mtoto na waya wake, jibu lililo wazi lilitolewa na Robert Serpell wa Chuo Kikuu cha Zambia. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979, watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, walitakiwa kunakili maumbo kwa vifaa mbalimbali. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili ziliuzoea, walikuwa sawa.

Msomaji aangalie jinsi jaribio hilo lilivyopangwa. Kama lingetumia karatasi peke yake, lingethibitisha uongo. Kama lingetumia waya peke yake, lingethibitisha uongo wa upande wa pili. Udongo ndio uliodhihirisha kwamba tofauti ilitokana na mazoea ya kifaa, wala si upungufu wa akili.

Serpell alichunguza pia maana ya akili katika vijiji vya Wachewa, mashariki mwa Zambia. Huko neno nzelu hujumlisha mambo mawili: wepesi wa kufahamu, na tabia ya mtoto anayeweza kutumwa akaaminiwa. Makadirio ya wanakijiji juu ya akili za watoto hayakulingana sana na alama za majaribio ya watafiti. Kwa hiyo mtoto mmoja alipimwa kwa mizani miwili, nayo haikusomeka sawa.

Kazi ya Mtafiti na ya Mwalimu

Kutokana na mifano hiyo, mwanafunzi wa taaluma hii hufunzwa kukichunguza kipimo kabla ya kumhukumu anayepimwa. Maswali yakitafsiriwa, mtu wa pili huyarudisha katika lugha ya kwanza bila kuona asili yake, ili maana iliyopotea igunduliwe. Mtafiti hukaa na wenyeji kabla ya kuwapima, na hutumia vifaa zaidi ya kimoja.

Haifuati kwamba mitihani ya shule itupwe. Maadamu mtoto atapimwa kwa karatasi, ni haki yake kufundishwa waziwazi karatasi hiyo inataka nini. Kumficha kanuni kisha kumwita mjinga ni dhuluma.

Mwalimu anaweza kufanya uchunguzi mdogo darasani. Achore maumbo matatu ubaoni. Wanafunzi wayanakili kwa penseli, kisha kwa waya, kisha kwa udongo, na kila kazi itolewe alama kwa kanuni moja. Kisha majina yapangwe kwa kila kifaa, kuanzia aliyeongoza hadi wa mwisho. Darasa moja halitoshi kuthibitisha jambo, lakini wanafunzi wataweza kujadili kwa ushahidi wao wenyewe: je, aliyekuwa wa mwisho kwa penseli alikuwa wa mwisho kwa waya pia?