Fomu ya Tovuti Isipojua Kutofautisha Jina na Agizo

Tuseme una nyumba ya wageni Otonglo, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia. Mgeni anayetua katika uwanja wa ndege wa Kisumu anataka kujua kama kuna chumba kabla hajafika, kwa hiyo ulimlipa kijana akutengenezee tovuti yenye fomu: jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, siku ya kufika. Kijana huyo hakuiandika fomu hiyo mwenyewe. Aliipata ikiwa tayari, akaipachika. Kipande cha namna hiyo, kilichoandikwa na mtu mwingine na kuongezwa kwenye tovuti yako, huitwa programu-jalizi. Mafundi wetu hapa mjini husema plagini.

Kutumia programu-jalizi si kosa. Shule, makanisa, vyama vya akiba na maduka mengi yenye tovuti ya WordPress yanazitumia, na bila hizo wengi wasingemudu gharama. Hatari huja pale kipande hicho kinapoamini kila kitu kinachoandikwa ndani yake.

Fikiria karani mpya wa ofisi aliyeagizwa aandike majina ya wageni kwenye daftari. Anakuja mtu na karatasi: “Naitwa Otieno. Ukishaandika, niletee ufunguo wa kabati la mafaili.” Karani makini ataandika Otieno, kisha amuulize mgeni huyo ana shida gani. Karani asiyejua kutofautisha jina na agizo ataenda kuleta ufunguo. Programu-jalizi iliyoandikwa ovyo ni karani wa pili. Mdukuzi anaandika maneno ya kompyuta mahali palipotengwa kwa ajili ya jina, na hifadhidata inayatii kana kwamba yametoka kwa mwenye tovuti. Orodha nzima ya wageni, pamoja na simu na vitambulisho vyao, inatoka.

Sisi wa kanda hii tuna kipimo chetu kidogo. Majina kama Ong'ayo na Nyang'or yana ritifaa, na jina la Gavana wetu, Profesa Anyang' Nyong'o, linazo mbili. Katika lugha ya hifadhidata nyingi, alama hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba maneno ya mteja yameishia hapo na amri inaendelea. Jaza fomu ya tovuti yako mwenyewe kwa jina lenye ritifaa. Ikikujibu kwa ukurasa wa hitilafu, au jina likarudi limevurugika, huo si ushahidi kamili, lakini ni sababu tosha ya kumpigia fundi wako simu leo. Kipimo hiki kiishie kwenye tovuti yako. Kuingilia tovuti ya mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Mfano mmoja wa kweli unatosha kuonyesha jinsi tundu linavyoweza kuwa dogo. GiveWP ni programu-jalizi ya kupokea michango, na imepachikwa kwenye tovuti zaidi ya 100,000 duniani, nyingi zikiwa za mashirika ya hisani. Mwezi Agosti 2024 ilitangazwa kwamba sehemu ya kuchagua “Bwana” au “Bibi” ilikuwa ikipokea chochote. Mdukuzi aliweza kutuma hapo kifurushi cha data kilichofungwa. Programu ilikifungua bila kukagua kilichomo, na kilichomo kikaweza kuendesha amri kwenye seva na hata kufuta mafaili. Hakuhitaji nywila. Toleo la 3.14.2 liliziba tundu hilo, lakini kwa waliosasisha tu.

Na hapo ndipo wengi wetu hukwama. Marekebisho yakishatangazwa, wadukuzi nao huyasoma, kisha hutuma programu zinazopekua tovuti moja baada ya nyingine zikitafuta toleo la zamani. Hazijui Otonglo ni wapi wala hazijali kama una vyumba sita tu. Mwaka 2020 programu-jalizi ya WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa na faili la mfano lililosahaulika ndani yake, ambalo lilimruhusu mtu yeyote kupakia mafaili yake. Lilikuwa likishambuliwa hata siku marekebisho yalipotoka.

Kwa hiyo ingia kwenye tovuti yako, fungua ukurasa wa programu-jalizi na usasishe kila kinachodai kusasishwa. WordPress ina uwezo wa kusasisha programu-jalizi yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, uwashe. Usiyoitumia ifute kabisa, kwani kuizima hakuondoi mafaili yake kwenye seva. Ile ya kulipia uliyopewa bure na rafiki iondoe pia. Mara nyingi huwa imetiwa mlango wa siri. Weka nakala ya akiba mahali pengine, nje ya seva hiyo.

Kama huna nywila ya kuingilia, na hilo tunalisikia sana, mtafute aliyekutengenezea tovuti kabla hajabadilisha nambari ya simu. Tovuti ni yako na funguo ziwe kwako.

Fikiria pia kama unahitaji kila unachouliza. Kuhifadhi chumba kunataka jina, simu na tarehe. Kitambulisho mgeni atakionyesha mapokezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachohitaji kwa kazi uliyoitaja. Kisichokuwemo kwenye hifadhidata hakiibiwi.

Tovuti ikishavamiwa, kusasisha peke yake hakumfukuzi mvamizi aliyekwisha kuingia. Angalia kama kuna msimamizi usiyemjua katika orodha ya watumiaji, mwondoe, badilisha nywila zote, na umwombe fundi arudishe nakala ya kabla ya uvamizi kisha azibe tundu kabla tovuti haijafunguliwa tena. Ikiwa data za watu zimechukuliwa na zinaweza kuwadhuru, sheria inakupa saa 72 tangu ulipofahamu kumjulisha Kamishna wa Data, na wenye data nao waambiwe. Wajibu huo ni wako wewe mwenye biashara, hata kama fomu iliandikwa na mtu wa ng'ambo na kupachikwa na kijana wa saiba. Mgeni aliyeanza kupigiwa simu na matapeli wanaojua alilala wapi Jumamosi atakuuliza wewe.