Kabla ya Bei ya Kikao, Uliza Nauli

Anayeishi Kalemela, wilayani Busega, akitaka mtu wa kumsaidia kuelewa hasira, huzuni au hofu zake, aanze kwa kuuliza nauli. Tiba ya mazungumzo haiishi siku moja. Hata benchi la urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda, ambako akina bibi waliofunzwa huwasikiliza watu bure, hupangwa kwa vikao kama sita. Hesabu basi nauli ya kwenda na kurudi mara sita, chakula cha njiani, na siku sita ambazo pamba haikupaliliwa.

Kwa hesabu hiyo mnasihi binafsi wa Mwanza ni ghali hata akipunguza bei, ingawa kule hakuna jirani wa kukuona ukiingia. Bariadi, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, nako si karibu: kutoka Lamadi tu, humo humo Busega, ni zaidi ya kilomita 70. Bima ya CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilifika hadi ngazi hiyo. Lakini tangu sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 mambo yanabadilika, hivyo ulizia kiwango cha sasa. Zahanati usiiruke. Moyo kwenda mbio na uchovu usioisha huweza kuwa upungufu wa damu tu.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri halipwi na anayemwendea, na sijui kwa nini watu humkumbuka ndoa inapovunjika tu. Kwa mtoto, namba ya msaada 116 hupigwa bure.

Mshindani halisi wa hawa wote ni mganga. Kabla hatujasikia habari za tiba jumuishi, nfumu wa Kisukuma alikuwa akiuliza habari za ndoa, mizimu, ng'ombe na ugomvi wa ndugu kwa pamoja. Maswali mazuri, na siyabezi. Tatizo ni bili isiyo na mwisho: leo kuku, kesho mbuzi. Baya zaidi ni ramli chonganishi. Usukumani vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Sheria ya 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona cheti. Akimtaja jirani au shangazi kuwa ndiye chanzo, ondoka, hata kama umeshalipa.

Padri, mchungaji au shehe hatozi kitu. Pima tu kama anatunza siri.

Vikao vya simu vinaokoa nauli, ila mjini wanasahau kwamba kwenye kaya yenye watu kumi kupata saa moja ya kuongea bila kusikika ni kazi. Mimi ningeanza zahanati na kwa afisa ustawi. Nisipotosheka, ningeonana na mnasihi wa Mwanza ana kwa ana mara moja, kisha tuendelee kwa simu, nikilipa kikao kwa kikao. Fedha ya pamba ikiingia, anayekutaka ulipie vikao kumi mapema mkatalie.

Kulinganisha huku ni kwa mwenye nafasi ya kuchagua. Anayewaza kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwepo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.