Jumba la Maajabu lipi tunataka lirudi?

Watanzania wengi walilizoea jina la Aston Januari 2020, Mbwana Samatta aliposajiliwa na Aston Villa akitokea Genk. Ilipofika fainali ya Kombe la Ligi, Machi 1, alipoifunga Manchester City kwa kichwa pale Wembley, vijiwe vya kahawa vilikuwa vikiitaja Birmingham kama mkoa wa jirani. Walioutazama uwanja wa Villa Park kwenye televisheni huenda hawakujua kwamba umejengwa katika iliyokuwa ardhi ya jumba kubwa la matofali mekundu, Aston Hall, ambalo bado limesimama hapo karibu. Ndani yake kuna ngazi iliyovunjika, na ningependa kila mwenye sauti juu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Zanzibar, aijue habari yake.

Sir Thomas Holte alianza kulijenga jumba hilo mwaka 1618, likakamilika 1635. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza, Holte alikuwa upande wa Mfalme Charles I na hata alimlaza kwake Oktoba 1642. Desemba 1643 askari wa Bunge wakalipiga jumba kwa mizinga. Kombora moja lilipenya ndani likavunja nguzo ya mkono wa ngazi kuu. Birmingham haijawahi kukosa seremala wa kuchonga nguzo nyingine, lakini ile iliyovunjika iliachwa. Mji ulilinunua jumba mwaka 1864, na mpaka leo mgeni akipanda ngazi ile anaonyeshwa nguzo hiyo na kusimuliwa kisa chake.

Sisi pia tulipigwa mizinga. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza ziliyashambulia majumba ya Sultani Forodhani kwa sababu Khalid bin Barghash alikikalia kiti cha enzi bila ridhaa yao. Haikufika hata saa moja, na watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba hayo, iliharibiwa vibaya mno. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulivunjwa. Jumba lenyewe, alilolijenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 kwa mawe ya matumbawe na nguzo za chuma, lilinusurika, na katika matengenezo ya mwaka 1897 likawekewa mnara mpya wa saa usoni pake.

Basi mnara ule tulioupiga picha miaka yote haukuwa wa Barghash. Ulizaliwa na mizinga. Na ndio ulioanguka Desemba 25, 2020, pamoja na sehemu kubwa ya mbele ya jumba, ukarabati ukiwa unaendelea. Watu wawili walipoteza maisha.

Hapo ndipo swali la kichwa cha makala hii linapotoka. Anayesema lirudi kama lilivyokuwa anasema lirudi la mwaka gani? La 1883 lisilo na mnara usoni, au la 1897? Mawe na chokaa vinamlazimisha fundi achague. Kompyuta haimlazimishi. Inaweza kuyaweka yote mahali pamoja, na kifusi cha 2020 pia, mtu akaona kila tabaka kwa zamu yake.

Kazi yenyewe ya kuliingiza jengo kwenye kompyuta inaeleweka. Kipimo cha leza hurusha miale na kupima umbali wa kila mahali inapogonga, hadi zipatikane nukta mamilioni zinazochora jengo zima. Njia nyingine ni picha za kawaida: zikiwa nyingi na zimepigwa kutoka pembe mbalimbali, programu hutafuta sehemu zinazolingana na kuunda umbo la pande tatu. Mwaka 2015, baada ya Dola la Kiislamu kuvunja sanamu katika makumbusho ya Mosul, Iraq, mradi uitwao Rekrei ulianza kukusanya picha za watu wa kawaida, watalii na askari, ili kuziunda upya sanamu hizo kwenye kompyuta.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu mzito. Makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa Kabaka (wafalme) wanne wa Buganda, yalipimwa kwa leza mwaka 2009 na shirika la CyArk. Machi 16, 2010, nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ikateketea kwa moto. Vipimo vilikuwepo. Lakini vipimo haviezeki nyasi: kuezeka pale ni haki ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi huo hupokezanwa kwa mikono. Kazi ilichukua miaka mingi, na Septemba 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baganda walifanya sahihi kutokubali picha ichukue nafasi ya nyumba.

Msanii naye ana yake. Mwaka 2018 Michael Rakowitz, Mmarekani mwenye asili ya Kiyahudi ya Iraq, alisimamisha Trafalgar Square, London, sanamu ya fahali mwenye mabawa iliyovunjwa Ninawi mwaka 2015. Aliiunda kwa makopo 10,500 ya asali ya tende, zao ambalo vita viliwaharibia Wairaqi. Hakujifanya kwamba ya zamani imerudi. Mtazamaji alijua kilichopotea na nani aliumia, na kwa maoni yangu kazi ya namna hiyo ina heshima kuliko nakala iliyong'arishwa ikaficha kila jeraha.

Ndiyo maana naomba ukarabati wa Beit al-Ajaib usifute mwaka 1896 wala 2020. Wasanii vijana wa Unguja wapewe vipimo na picha, wafanye kazi zao hapo hapo Forodhani, na nakala asili zibaki Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zisiishie kwenye kompyuta za ughaibuni. Wapiga picha wetu, tangu Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, wametuachia hazina. Na familia ngapi zimejipanga Forodhani siku ya Idi jumba likiwa nyuma yao! Kama unayo picha ya namna hiyo sandukuni, iwe na ukungu au imechanika pembe, usiitupe. Ipeleke ikanakiliwe, na nyuma yake andika mwaka na upande uliosimama mpiga picha.