Lubega Haifungwi Hivyo

Mgeni rasmi anayealikwa kwenye sherehe ya wafugaji wilayani Handeni anajua mapema kitakachompata. Kabla hajafika jukwaani atavikwa shuka jekundu juu ya suti, atakabidhiwa fimbo au rungu, na kamera zitamulika. Watu watapiga makofi. Kule nyuma, kivulini, wazee wa Kiparakuyo, wafugaji wasemao Kimaa, watatazamana kidogo kisha wataangalia chini. Shuka limekaa upande, fundo limeangukia kifuani, na fimbo mheshimiwa ameishika kama mwavuli. Hakuna atakayetamka neno, maana mgeni ni mgeni. Maneno huanza jioni, bomani.

Wasikilize wakizungumza, utagundua kwamba hawamcheki tu. Wana vipimo vyao, na vipimo hivyo vimetokana na kazi. Lubega ya mfugaji hufungwa ili mkono wa fimbo ubaki huru. Fundo huwa dogo, la kubana, nalo hudumu begani kutwa nzima hata mtu akiruka korongo au akimkimbiza ndama. Mara nyingi shuka si moja. Ni mawili yanayopishana, moja kila bega, na mkanda wa kiunoni huyashika pamoja na sime ndani ya ala yake nyekundu. Pindo huishia mahali ambapo miiba ya Handeni haitalinasa. Anayeliteremsha hadi vifundoni, mithili ya msuli wa kulalia, amekwisha kujitaja kuwa hajawahi kutembea porini na ng'ombe. Kisha macho hushuka miguuni. Katambuga za tairi kuukuu zinakubalika, na siku hizi hata viatu vya plastiki vinakubalika. Raba nyeupe zinazong'aa huzua gumzo.

Rangi nayo ina mambo yake. Nyekundu ni ya watu wengi, hasa morani. Kijana aliyetoka kutahiriwa huvaa nguo nyeusi na kupaka uso chokaa nyeupe mpaka atakapopona na kuingia rika lake. Kwa hiyo bwana wa mjini anayejinunulia vazi jeusi tupu kwa sababu eti haliingii uchafu upesi, akaenda nalo harusini, mbele ya wanaojua anajitangaza kuwa kidonda chake cha jando bado kibichi. Wanawake wana mtego wao pia. Surutia, yale mapambo ya shaba yaliyosokotwa na kuning'inia masikioni, ni alama ya mwanamke aliyeolewa. Binti wa kikundi cha ngoma akiyavaa jukwaani kwa ajili ya urembo, amejiozesha bila mahari.

Handeni na Korogwe ni mahali pazuri pa kuutazama ukosoaji huu, kwa sababu hapa wanaovaa shuka si watu wa aina moja. Wenyeji wa Handeni ni Wazigua. Korogwe ina Wazigua, Wasambaa na Wabondei, pamoja na wazao wa watu wa makabila mengi walioletwa na mashamba ya mkonge. Waparakuyo, ambao majirani huwaita Wakwavi, jina ambalo wengi wao hawalipendi, wamekuwa wakichunga katika nyika hizi tangu karne ya 19, waliposukumwa kusini na mashariki na vita vya Wamaa wenyewe kwa wenyewe. Halafu mwezi Juni 2022 zikaanza kuwasili familia za kwanza kutoka Ngorongoro, zikahamishiwa kijiji cha Msomera wilayani Handeni, karibu kilomita 600 kutoka kwao. Serikali ilisema wanahama kwa hiari. Wako waliolalamika kuwa walibanwa hadi wakahama. Vyovyote vile, Wamaa wa matawi mbalimbali, Wakisongo wakiwamo, wamejikuta jirani na Waparakuyo.

Kwa abiria wa basi wote hao ni Wamasai tu. Wao kwa wao hawachanganyiki kirahisi hivyo. Kila tawi lina mpangilio wake wa rangi za shanga, upana wake wa kola ya shingoni, namna yake ya kulitupia shuka begani. Mama anaweza kuutazama mkufu wa mwenzake akajua ametoka upande gani kabla hawajasalimiana. Na kwa kuwa kila upande unaamini kwamba mpangilio wake ndio sahihi, ukosoaji mkali zaidi wa lubega hauelekezwi kwa mheshimiwa mwenye suti. Mheshimiwa husamehewa. Anayesemwa hasa ni jirani anayezungumza Kimaa, ambaye alitakiwa ajue.

Mwingine asiyesamehe ni mwanafunzi aliyehitimu juzi. Mtu akishafundishwa kuvaa kitu sawasawa, jicho lake halitulii tena. Mzigua aliyekua akichunga pamoja na Waparakuyo, akajifunza fundo kwa kuchekwa, huwa mkali kuliko wao. Ndivyo ilivyo pia huko Uskoti, ambako wanaume huvaa kilti, ile sketi ya sufu yenye drafti. Marinda yake hukaa nyuma, upande wa mbele ukawa bapa, na pindo hugusa goti. Anayeanza huifunga nyongani kama suruali, ikamfika kwenye ugoko. Baada ya muda hujifunza kuipandisha kiunoni, na tangu siku hiyo hawezi kuhudhuria harusi bila kupima magoti ya watu. Hata mfalme hakunusurika. Mwaka 1822 George IV wa Uingereza alitembelea Edinburgh akiwa amevaa kilti fupi kupita kiasi na taiti za rangi ya waridi ndani yake, na watu wakamcheka. Mchoraji David Wilkie alipomchora baadaye, zile taiti hakuzitia.

Jambo moja wakosoaji wa lubega hulisahau. Sheria wanazozilinda kwa wivu hivyo si za kale sana. Mababu wa wafugaji hawa walivaa ngozi za ndama, kondoo na mbuzi, zilizolainishwa kwa mafuta. Kitambaa kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara: merikani nyeupe iliyofumwa viwandani Marekani na kupitia Zanzibar, kaniki nyeusi iliyopakwa nili huko India. Njia ya misafara kutoka Pangani ilipita Korogwe na Mazinde, ambako katika karne ya 19 mtawala Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, alijijengea nguvu kwa biashara hiyo ya nguo na bunduki. Wafugaji walichukua merikani wakaipaka ngeu na mafuta, ikawa nyekundu. Ngozi ziliendelea kuvaliwa kwa muda mrefu. Shuka la kiwandani, lenye drafti zake nyekundu na buluu, lilishika kabisa miaka ya 1960 na kuendelea. Leo mengi yanatoka China na India. Mzee wa miaka themanini anayemkemea mjukuu wake kwa kuvaa shuka vibaya huenda alizaliwa kabla ya vazi lenyewe kuenea.

Haimaanishi kwamba mzee hana haki. Mila haihitaji umri wa miaka elfu ndipo iwe na kanuni. Kanga ni changa pia, ilianza pwani ya Waswahili katika karne ya 19, lakini jaribu kujifunga kanga yenye jina lililogeuka juu chini mbele ya bibi wa Korogwe uone kama utafika mlangoni kabla hajakurudisha.

Ukosoaji hubadilika sura pale unaposhikwa na dola. Mwaka 1967 na 1968, mkoani Arusha, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi, lubega na ngeu, wavae suruali na mashati, kwa hoja kwamba mavazi yao yalikuwa aibu kwa taifa linalojenga maendeleo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukageukia mijini kwa Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, safari hii dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kuchubua ngozi. Uskoti walipata yao mapema zaidi: sheria ya 1746 iliwakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa kilti, adhabu ya kosa la kwanza ikiwa kifungo cha miezi sita, nayo haikufutwa mpaka 1782. Suruali haikushinda kokote kati ya sehemu hizo mbili. Vazi lililoitwa aibu mwaka 1968 sasa ndilo analovikwa mgeni rasmi, na picha yake inapamba matangazo ya utalii. Mzee wa boma hukosoa kwa sababu anataka livaliwe ipasavyo. Ofisa wa 1968 alikosoa kwa sababu hakutaka livaliwe hata kidogo. Si haki kuwaweka fungu moja.

Siku hizi kuna sababu nyingine ya kukaza macho, nayo ni pesa. Mwaka 2012 kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilitoa mavazi ya kiume yaliyofuata drafti za shuka la Kimasai, na baadhi ya Wamasai wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakidai kwamba jina na sura yao visitumike kibiashara bila ridhaa na malipo. Kwa mama anayetunga shanga Msomera, Paris ni mbali mno. Aliye karibu ni mchuuzi wa stendi. Dawa za miti za Kimasai zina soko kubwa mijini, na lubega ni nusu ya tangazo. Ndiyo maana wapo wasio na uhusiano wowote na wafugaji wanaonunua shuka, wakalifunga wajuavyo, wakajaza mizizi kwenye chupa na kusimama Korogwe mabasi yanaposhusha abiria. Mparakuyo akipita huwatambua kwa fundo. Mnunuzi anayewahi basi la Arusha hajui fundo wala katambuga, kwa hiyo chupa ya huyu na ya yule huuzwa kwa bei moja.